Nakisi, Kufu na Zaidi: Kivuli cha Mackinnon Road

Msafiri atokaye Mombasa kwenda bara, akisha kuyapa kisogo mashamba ya minazi na kuzipita Mariakani, Samburu na Taru, huingia katika nyika ya vichaka vya miiba na udongo mwekundu ambayo wasafiri wa kale waliiogopa kuliko simba, kwa sababu simba huonekana mara moja moja lakini kiu ya Taru ilikuwa ya kila siku. Na katikati ya nyika hiyo, katika pembe ya kaunti ya Kwale iliyo mbali kabisa na mchanga mweupe wa Diani na mikoko ya Msambweni, huona dereva akipunguza mwendo, hata yule ambaye hana mazoea ya kupunguza mwendo kwa ajili ya mtu wala mnyama. Hapo ni Mackinnon Road, na anachopunguzia mwendo dereva ni msikiti ulio ubavuni mwa reli, wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah.

Mji wenyewe umepewa jina la mtu ambaye hakuwa na haja nao. Sir William Mackinnon, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1823 na kutajirika kwa meli za British India, alipata mkataba wa pwani kutoka kwa Seyyid Barghash wa Zanzibar mwaka 1887, na mwaka uliofuata akapewa hati ya kifalme ya kampuni ya Imperial British East Africa. Mwaka 1890 kampuni hiyo ilianza kulima njia ya magari ya maksai kutoka Mombasa, ambayo George Wilson aliifikisha Kibwezi, na ambayo kapteni Sclater aliiendeleza baadaye hata mpaka wa Uganda. Mackinnon alikufa mwaka 1893, kampuni yake ikaja kununuliwa na serikali mwaka 1895, na maksai wakasahauliwa mara tu reli ilipoanza kulazwa mwaka 1896. Lakini jina la njia lilinasa kwenye stesheni moja ya reli hiyo kama upande wa kanga unavyonasa kwenye mwiba, na likabaki hapo hadi leo. Mara mbili baadaye watawala walikumbuka kwamba pana mahali paitwapo hivyo: baada ya vita vikuu vya pili, jeshi la Kiingereza lilipotaka kujenga hapo ghala kubwa la zana zake kisha likaiacha kazi haijatimia, na mwaka 1954, baada ya msako wa mwezi Aprili katika mji wa Nairobi, maelfu ya watu walioshukiwa kuwa Mau Mau walipoletwa kufungiwa katika mabanda ya ghala hilo hilo. Siku hizi ugomvi wake ni wa mpaka, kwa kuwa Kwale husema ni pake na Taita Taveta nayo husema ni pake.

Ama Sayyid Baghali, huyo hakuwa na hati ya mfalme yeyote. Alikuwa fundi kutoka Punjab, mmoja wa maelfu thelathini na ushei ya Wahindi walioletwa kujenga reli, na masimulizi yanasema kwamba wenzake walikuwa wakibeba karai la zege kichwani, hali yeye karai lake lilikwenda likielea juu ya kichwa chake pasipo kukigusa. Sitaki kumtetea wala kumkanusha msimulizi. Ninachotaka ni kumwomba msomaji ashuke garini mahali hapo wakati wa adhuhuri, asimame pamoja nami uwanjani penye jua, na atazame jambo jingine lisilogusa kichwa cha mtu, nalo ni kivuli.

Kivuli ni saa ya kale ya Waislamu wa pwani. Jua likisha kupinduka, adhuhuri imeingia; na alasiri huingia, kwa madhehebu ya Imamu Shafi yanayofuatwa na watu wengi wa mwambao, pale kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na urefu wa kitu chenyewe baada ya kukiondoa kile kivuli kilichokuwapo wakati wa kupinduka. Waislamu wengi wa Punjab ni wafuasi wa Imamu Abu Hanifa, ambaye kwa qauli yake iliyo mashuhuri alitaka kivuli kiwe mara mbili. Kwa hiyo kijiti kimoja kilichosimamishwa mbele ya msikiti mmoja kinaweza kuwapa majirani wawili alasiri mbili, zilizoachana kwa zaidi ya saa nzima, pasiwe na haja ya mtu kumhukumu mwenziwe. Yote hayo ni habari ya urefu wa kivuli. Lakini ncha ya kivuli nayo ina habari yake, ambayo wapimaji wengi wa alasiri hawakushughulika nayo, kwa maana ibada haikuwadai.

Chukua kijiti cha urefu wa mita moja, kisimamishe wima, na tangu asubuhi hadi jioni utie kokoto pale ncha ya kivuli ifikapo kila baada ya muda. Mwezi wa Juni, jua linapokuwa upande wa kaskazini, kokoto zitajipanga upande wa kusini wa kijiti, zikianzia mbali magharibi, zikikaribia kijiti wakati wa adhuhuri hadi umbali wa sentimita 51 hivi, kisha zikienda zake mashariki, na mstari wao hautakuwa mnyoofu bali umepinda kwa ulaini kama upinde uliolegezwa kamba. Mwezi wa Desemba mambo hugeuka: mstari utapita upande wa kaskazini, na adhuhuri utakuwa sentimita 36 kutoka kwenye kijiti. Majira ya kusi, kivuli cha adhuhuri huelekea kusini. Majira ya kaskazi yanapokolea, huelekea kaskazini. Na mabaharia waliongojea pepo hizo mbili kwa karne nyingi wangaliweza kuziona zimeandikwa chini kwa kokoto. Katikati yao kuna siku mbili, kwenye tarehe 20 Machi na 23 Septemba, ambapo usiku na mchana hulingana, na siku hizo kokoto hunyooka kama uzi.

Mstari uliopinda wa Juni ni mstari gani? Jicho haliwezi kujibu kwa yakini, kwa kuwa mipindo mingi hufanana usoni na kutofautiana nasaba. Kinachojibu ni mlinganyo.

Tukihesabu mashariki kwa herufi x na kaskazini kwa herufi y, zote kwa mita, tukachukua latitudo ya Mackinnon Road, ambayo ni karibu nyuzi 3.7 kusini ya ikweta, na upeo wa jua wa mwezi wa Juni, ambao ni nyuzi 23.4, tutapata kwamba kila kokoto inatii kanuni hii moja: 0.838y² + 0.129y − 0.158x² − 0.154 = 0. Msomaji asiyependa hesabu asikimbie, kwa kuwa si lazima kuikokotoa yote. Katika mlinganyo wa namna hii, wenye x na y zisizozidi kipeo cha pili, hutazamwa kwanza namba tatu tu: A iliyo mbele ya x², B iliyo mbele ya xy, na C iliyo mbele ya y². Zilizobaki huuhamisha mpindo huku na huku au kuukuza na kuupunguza, ila nasaba yake haimo humo. Chukua B mara B, utoe mara nne ya A mara C. Kikibaki kitu kilichopungua sifuri, mpindo ni duaradufu, na duara kamili ni mmoja wa ukoo huo, pale A na C zinapolingana na B haipo. Kikibaki sifuri kamili, ni parabola. Kikibaki kilichozidi sifuri, ni haipabola. Kwetu sisi hapa uwanjani B haipo, A ni −0.158, C ni 0.838, kuzidisha kwao kunaleta hasi, na hasi ikitolewa hugeuka chanya, karibu 0.53. Kivuli cha Mackinnon Road kinachora haipabola.

Na hapa pana jambo ambalo, kwa kweli, ndilo lililonifanya niishike kalamu. Weka sifuri mahali pa x katika mlinganyo ule, yaani uulize ncha iko wapi wakati wa adhuhuri, nao utakupa majibu mawili: moja ni mita 0.51 kusini, na la pili ni mita 0.36 kaskazini. Tuliuandika kwa ajili ya Juni peke yake, ukatuletea na Desemba bila ya kuombwa. Haipabola ina matawi mawili yaliyopeana migongo, na mpindo wa kusi na mpindo wa kaskazi, uliodhani ni michoro miwili ya miezi iliyoachana kwa nusu mwaka, ni matawi ya mchoro mmoja.

Nimesema duaradufu, parabola na haipabola, kama zisemwavyo darasani. Lakini majina hayo mawili ya mwisho yamepitia safari ndefu ya Ulaya kabla ya kutufikia, ilhali palikuwa na njia fupi zaidi, ya jahazi. Apollonius wa Perga, Myunani aliyeishi karne ya tatu kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, aliandika vitabu vinane juu ya mikato ya pia, yaani mipindo ipatikanayo kwa kulikata umbo la pia kwa ubapa wa kisu. Mtu wa pwani asitafute pia mbali: kawa la ukindu lifunikalo chakula linatosha. Ulikate sambamba na sinia, ukingo wa mkato ni duara. Uinamishe kisu kidogo, ni duaradufu. Uinamishe hata kiwe sambamba na ubavu wa kawa wenyewe, ni parabola, isiyojifunga abadan. Ukizidi kukisimamisha kisu, ni haipabola. Na lau kungekuwa na kawa la pili limesimama kichwa chini juu ya ncha ya lile la kwanza, kisu kingelikata nalo pia, na hapo ndipo litokapo tawi la pili.

Apollonius hakuwa na herufi za aljebra, ila alikuwa na maana yake. Alichukua nukta juu ya mpindo, akashusha mstari hadi kwenye mhimili, akajenga mraba juu ya mstari huo, kisha akaulinganisha na mstatili uliojengwa kwa kipimo maalumu kisichobadilika. Mraba ukilingana na mstatili, aliupa mpindo jina lenye maana ya kuwekwa sawa. Ukipungua, jina lenye maana ya upungufu. Ukizidi, jina lenye maana ya kuzidi. Kwa maandishi ya leo, ya kwanza ni y² = px, ya pili ni px iliyopunguzwa kitu, na ya tatu ni px iliyoongezwa kitu. Jina la kila mpindo, basi, lilikuwa tayari ni hukumu ya mlinganyo wake.

Vitabu hivyo viliwafikia Waarabu vikiwa vimechakaa. Huko Baghdad, katika karne ya tisa, ndugu watatu waitwao Banu Musa walihangaika na nakala mbovu isiyofahamika, hadi mmoja wao, Ahmad, alipopata Sham nakala njema ya vile vinne vya kwanza, na kwa ufunguo huo wakaweza kuvifungua vilivyobaki. Hilal al-Himsi akatarjumu vinne vya mwanzo, na Thabit ibn Qurra akatarjumu cha tano hadi cha saba. Cha nane kilikuwa kimekwisha kupotea, na Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyeishi Misri, alijaribu baadaye kukibuni upya kwa kukisia Apollonius angalisema nini. Vitabu vya tano, sita na saba havijulikani leo kwa Kiyunani. Edmond Halley, yule Mwingereza wa nyota yenye mkia, alilazimika kujifunza Kiarabu ili avitoe kwa Kilatini mwaka 1710.

Watarjumani wale waliiitaje mipindo mitatu ya Apollonius? Mkato wenyewe waliuita qat', na hapo masikio ya Mswahili husimama, ijapokuwa kata yetu ni ya Kibantu na kufanana kwake na qat' ni bahati tu. Lakini yanayofuata si bahati. Duaradufu waliiita mkato naqis, nasi tunalo neno nakisi, ambalo husikika kila mwaka waziri wa fedha anapoisoma bajeti. Haipabola waliiita mkato za'id, nalo ni shina lile lile la zaidi, ambalo hapana siku ipitayo pasi sisi kulitamka. Na parabola waliiita mukafi', yaani yenye kulingana, kutokana na shina lililotupa kufu, neno ambalo wazee wa Mombasa na Lamu walilipima kwa makini mno kuliko mwanahisabati yeyote walipokuwa wakiposewa binti: huyu ni kufu yake, au si kufu yake? Nakisi, kufu, zaidi: kimepungua sifuri, kimelingana na sifuri, kimezidi sifuri. Mwanafunzi aliyejifunza majina haya matatu hana haja ya kukariri kipi ni kipi, maana kanuni imo ndani ya jina, na jina limo kinywani mwake tangu utotoni.

Kwa nini basi hayakutufikia katika kazi yake hiyo? Nadhani ni kwa sababu pwani ilipokea tunda la elimu hiyo bila ya mti wake. Thabit ibn Qurra alifanya uchunguzi juu ya mistari ichorwayo na ncha za vivuli, na mjukuu wake Ibrahim ibn Sinan, aliyefariki mwaka 946 akiwa kijana wa miaka 38 tu, aliandika juu ya vyombo vya vivuli na pia risala ya namna ya kuichora mikato yote mitatu nukta kwa nukta. Kwao kivuli, sala na pia vilikuwa somo moja. Lakini kitu kilichosafiri katika majahazi kilikuwa takwimu, kwa maana yake ya zamani ya kalenda, pamoja na kanuni za fikihi za kupima kivuli, ambazo mwalimu wa chuo aliweza kuzifundisha kwa fimbo yake. Hizo zilitosha kwa ibada, na mwenye kutoshelezwa hahoji mengi. Aljebra, ambayo jina lake ni ndugu wa jabari na ambayo al-Khwarizmi aliiandikia kitabu Baghdad kwenye mwaka 820 hivi, ilikuja kwetu baadaye sana na kwa mlango mwingine, katika vitabu vya shule za Kiingereza, pamoja na herufi ambazo Descartes alizizoeza Ulaya tangu mwaka 1637.

Na hata kwa mlango huo haikukaa vizuri. Kenya ilipoingia katika mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, na kidato cha tano na cha sita vikaondoka, mwanafunzi wa sekondari alibakiwa na mlinganyo wa duara na mchoro wa y = x², yaani nakisi moja iliyo kamili na kufu moja iliyosimama; zaidi aliachiwa wa chuo kikuu. Upande wa pili wa mpaka, Tanzania, mikato yote hufundishwa katika hisabati ya juu ya kidato cha tano na sita, kwa Kiingereza. Nimewaona vijana wenye akili njema wakiikariri ile kanuni ya B² − 4AC kama dua ya lugha wasiyoifahamu, wakiogopa kuchanganya ellipse na hyperbola katika chumba cha mtihani. Nami nikajiuliza ni nani kati yao angechanganya pungufu na ziada.

Kuna tahadhari moja. Hukumu ile ya namba tatu hutaja ukoo wa mpindo, haidhamini kwamba mpindo upo. Ukiandika x² + y² = −1, hesabu itakwambia nakisi, na ukitafuta nukta hata moja hutaiona. Vivyo hivyo ule mstari mnyoofu wa siku za kulingana kwa usiku na mchana: siku hizo mlinganyo wetu huporomoka ukabaki mraba wa kitu kimoja ulio sawa na sifuri, hesabu inatoa sifuri, ungedhani ni kufu, kumbe ni uzi tu.

Wala kivuli hakichori zaidi kila mahali duniani. Ukisafiri kaskazini hata upite Norway ya juu, penye jua lisilotua mwezi wa Juni, ncha ya kivuli huzunguka kijiti saa 24 na kujifunga nyuma yake, ikawa nakisi. Na pale hasa penye mpaka wa nchi hiyo ya jua la usiku, siku ile moja ambayo jua hugusa upeo wa macho wakati wa usiku wa manane kisha likainuka, mchoro ni kufu. Sisi wa Kwale tuko mbali na mambo hayo. Hapa jua huchwa kila siku kwenye saa kumi na mbili, na taa za malori, ambazo vioo vyake vya nyuma vimefinyangwa kwa umbo la kufu ili mwanga utoke umenyooka, huanza kupita moja baada ya nyingine kuelekea Voi.

Hata hivyo, tarehe 2 Oktoba hivi, na tena kwenye tarehe 11 Machi, jua hupita juu kabisa ya utosi wa Mackinnon Road, na kwa dakika chache za adhuhuri kijiti cha uwanjani hakina kivuli cha kuondoa. Siku hizo mpimaji wa alasiri hana hesabu ya kufanya. Katika ile ya Oktoba hungoja hadi kwenye saa tisa na robo, kivuli kinyooke mashariki, kiwe mita moja kwa mita moja, kufu ya kijiti chake, kisha huadhini.